Mawe Niliyoyageuza Mno

Machi 6

Nimelala kazini, na kazi yenyewe ndiyo kwanza imeanza.

Mwalimu alituambia kila mmoja achague mahali pake kando ya mto, akae, asifanye lolote. Asiokote, asiandike, asiongee, mpaka mwalimu mwenyewe amfuate. Tuko wachache, watu wa mitaa hii ya kando ya mto, tunafundishwa kuwa wajuzi wa mto wetu: kuvijua viumbe vyake na mimea yake, na kuwaeleza majirani. Sasa mtu wa kukaa tu sijawa tangu nijifungue. Nikachagua pale chini ya kivuko, kwa sababu ni karibu na nyumbani na mtoto akilia nitamsikia. Nikaegemea mzizi. Maji yakawa yanaenda, yanaenda, na mimi nikaenda nayo.

Nilipofumbua macho mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu na mabuti yake ya mpira. Ana miguu mirefu huyo mama. Tumeshampa jina la Korongo, na nadhani anajua.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Nisamehe mwalimu, nimelala."

"Kulala nimekuona. Umelala ukasikia nini?"

Nikafikiri. Nikamwambia nimesikia maji yakiongea kwa sauti mbili, moja nene ya katikati, nyingine nyembamba ya pembeni penye mawe, kama mume wangu na mama yake wakibishana chumba cha pili. Hakucheka. Akasema, "Hiyo nyembamba ndiyo yenye wakazi wengi. Tutaanzia hapo."

Machi 7

Jino la mtoto. Hakulala, sikulala, hakuna aliyelala.

Machi 9

Leo nimejua kwamba jiwe lina tumbo.

Korongo aliinua jiwe moja la ukubwa wa mkate, taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala mgongoni, akaligeuza. Upande wa chini ulikuwa unatembea. Walikuwepo vidudu bapa kama mbegu za tikiti, wenye mikia mitatu mitatu, wanakimbia mwanga. Walikuwepo wengine waliojijengea vijumba vya mchanga, punje juu ya punje, mlango mmoja, mwenye nyumba anachungulia.

"Hawa hawavumilii uchafu," akasema. "Ukiwaona, mto ni mzima. Wakihama ukabaki na ruba na minyoo myekundu, ujue kuna jambo."

Unawasuuzia kwenye beseni jeupe ili uwaone vizuri, unawatazama, unawarudisha, na jiwe unalirudisha lilivyolala, tumbo chini. Kila mmoja wetu amepewa kipande chake cha mto akitazame mvua hizi zote. Mwishoni tutasimama mbele ya majirani tueleze tulichokiona. Korongo atakuwepo, na hapo ndipo atakapojua nani ameiva na nani bado mbichi.

Mimi nimepewa pale pale chini ya kivuko. Beseni jeupe nyumbani ni moja, la kumwogeshea mtoto. Mama mkwe akaniona natoka nalo.

"Mama, nalichukua mara moja."

"Mara moja. Na mjukuu wangu akija kuoga na ruba?"

"Nitalisugua, mama."

"Ulisugue mpaka roho yangu itulie. Si yako, yangu."

Machi 12

Asubuhi mto una mvuke. Huoni maji, unaona pumzi yake tu, na matete yamesimama ndani ya pumzi hiyo kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Ndege mdiria alipita chini chini, buluu, nikabaki sina hakika kama nimemwona au nimemwota.

Mtoto nilimwacha kwa Mama Povu. Huyu anafua nguo za watu kwenye lile jiwe pana lililo juu kidogo ya kivuko. Ni shangazi wa mume wangu kwa kuungaunga, hivyo na mimi namwita shangazi. Ndiye aliyempa mwanangu jina la Kisiki, kwa sababu ukimkalisha mahali ukarudi baadaye utamkuta hapo hapo, hajajongea. Anamtia kwenye kapu juu ya mashuka, naye anakaa kama bwana harusi anayengojea kupigwa picha.

"Kwa hiyo umesomeshwa ili uje kuchungulia chini ya mawe," akaniambia.

"Ndiyo, shangazi."

"Wanavaa nguo?"

"Nani?"

"Hao wadudu wako. Kama wanavaa uwaambie nipo. Sibagui mteja."

Povu lake linashuka mpaka kwangu kwa vipande vidogo vidogo, kama mawingu yaliyopotea njia. Linafika kwenye jiwe, linazunguka kidogo, kama linafikiri, halafu linaendelea.

Machi 14

Nimeenda. Jiwe la mkate, jiwe la sikio, jiwe refu. Wote wapo, na watoto wao.

Machi 15

Nimeenda mara mbili. Kuna jiwe moja nimelizoea kiasi kwamba kidole gumba changu kinajua pa kukaa.

Machi 17

Nimeenda. Kisiki akisinzia tu, mimi nipo mtoni, miguu majini. Baba Kisiki alirudi kutoka kazini kwenye kinu cha kusaga, unga kwenye nyusi kama mzee wa sinema, akanikuta naanika sketi.

"Unakwenda kuona nini ambacho hukukiona jana?"

"Sijui. Kingekuwa kinajulikana nisingekwenda."

Akacheka, akaniachia unga shavuni. Sikumwambia ukweli wote. Ukweli ni kwamba nyumbani kila kitu kinanitazama mimi: mtoto, sufuria, nguo, mama. Pale mtoni mimi ndiye ninayetazama. Nikigeuza jiwe naona mji mzima unaamka, hakuna hata mmoja anayeniita. Nikirudi nyumbani mikono bado inanukia mto, na Kisiki ananusa vidole vyangu kama anayesoma.

Machi 21

Mvua. Maji rangi ya chai ya maziwa. Nimeenda hivyo hivyo, nimepapasa kwa mkono.

Machi 25

Wanapungua.

Nilidhani ni macho ya usingizi. Nikalisuuza jiwe la mkate mara mbili. Mkia-tatu mmoja tu, na yeye ana haraka ya kuondoka. Vijumba vya mchanga vipo, wenyewe hawamo. Jiwe refu lina ruba. Hata ule utelezi wa kijani ambao mawe huwa nao umetoka, yamebaki meupe, matupu, kama vichwa vilivyonyolewa.

Nilikuwa bado nimeinama pale, mwenyekiti wa mtaa akapita kivukoni, mwavuli mkononi ingawa mvua ilikuwa imekatika. Anapenda mambo yawe nadhifu yule bwana. Hata mwavuli wake anaukunja mkunjo kwa mkunjo.

"Mtaalamu wetu," akaniita. "Mto unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu. Niseme kweli, liliniingia tamu.

"Wadudu wanapungua, mwenyekiti. Wale wa maji safi."

"Ahaa. Kwa sababu ya nini?"

Sikutaja mtu. Nilinyanyua macho tu, nikatazama juu ya kivuko, na povu wakati ule ule likawa linashuka. Mwenyekiti akatazama nilikotazama. Akaukunja mwavuli wake vizuri zaidi.

Machi 28

Korongo amepita kukagua vipande vyetu. Nimemwonyesha.

"Kwingine umetazama?" akauliza.

"Kwingine wapi, mwalimu? Hapa ndipo nilipopewa."

Alinitazama kama anavyotazama ndege asiyetaka kumshtua, kisha akaenda zake.

Machi 31

Yamekuwa makubwa. Mwenyekiti ameita mkutano wa mtaa Jumapili ya wiki mbili zijazo, pale shule ya msingi. Mimi nitaeleza hali ya mto, na hayo ndiyo yatakuwa maelezo yangu ya kumalizia mafunzo. Baada ya hapo watu watakubaliana kuwa kufua mtoni marufuku. Amemwomba Korongo ahudhurie. Kila kitu kimepangwa, mimi nimebaki kusimama na kusema.

Jioni Mama Povu alikuja. Hakubisha hodi, aliingia akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono yake ile iliyokunjamana kwa maji ikiwa mapajani.

"Nasikia wadudu wamenishtaki."

"Shangazi, si hivyo."

"Walikuja wenyewe au walituma mjumbe?"

Mama mkwe akawa anapanga vijiko ambavyo vilikwisha kupangwa.

"Nimesema nilichokiona," nikamjibu. "Walikuwepo wengi, sasa hawapo. Na sabuni inashuka kwangu kila siku, naiona kwa macho yangu."

"Kila siku. Umeanza kuiona mwezi huu. Mimi nafua hapo tangu mume wako ananyonya."

"Labda ndiyo maana."

Lilitoka hivyo. Ulimi hauna mfupa. Shangazi akaniangalia muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayetafuta doa kwenye nguo aliyoifua mwenyewe.

"Nikitoka pale," akasema, "niende nikafue kwenye kikombe?" Akainuka. Akamgusa Kisiki kichwani, akaondoka.

Mama mkwe aliweka kijiko cha mwisho. "Ukitaka kumulika nyoka, anza miguuni pako," akasema, ila alikuwa anakiambia kijiko.

Nimeudhika. Nitasema kweli hata kama ni shangazi. Mto hauna mtu mwingine wa kuusemea.

Aprili 2

Nimeenda. Hakuna kitu. Nimerudi na beseni tupu, na Kisiki mgongoni, kwa kuwa kwa shangazi sasa siwezi kumwacha, na bibi yake alikuwa ametoka.

Aprili 4

Kisiki ana homa.

Aprili 5

Zahanati. Nesi amesema ni kifua, amempa dawa. Anapumua kama mtu anayepanda ngazi.

Aprili 7

Mvua nyembamba, haikatiki wala haizidi. Chumba kina rangi ya ndani ya gamba la kobe. Nimekaa kitandani na mtoto kifuani, na sijui kama ni asubuhi au adhuhuri. Bati linasema neno moja tu kwa muda mrefu. Wakati mwingine naona Kisiki ni jiwe dogo lenye joto, na chini yake kuna kitu kinakimbia, nami naogopa kutazama.

Ninamfunua kila mara. Nguo kifuani, shavu langu karibu na pua yake, nasikiliza. Akistuka analia, nikimtuliza analala, nikiona amelala kimya mno namfunua tena.

"Mwache," mama mkwe akaniambia. "Mtoto si mkate, unamfunua kila saa uone kama ameiva."

"Naogopa, mama."

"Najua. Mimi nilimfunua baba yake hivyo hivyo mpaka akawa mtu wa kulia akiona mkono wangu. Lala. Nitamsikiliza mimi, kwa sikio, bila mkono."

Nikalala. Niliota natembea chini ya maji na maji hayaniloweshi.

Aprili 8

Mlangoni kulikuwa na rundo la nepi safi, zimekunjwa pembe kwa pembe. Mama mkwe alikuwa ameziacha chafu kibarazani jana, hana nguvu ya kufua. Nikamwona Mama Povu ameshafika njiani.

"Shangazi," nikaita.

Aligeuka nusu. "Hizo si zako. Ni za Kisiki."

Aprili 9

Nepi.

Aprili 10

Nepi, na shuka lake dogo. Homa imeshuka kidogo.

Aprili 11

Kisiki amekula, amenitemea, amecheka. Nimekaa sakafuni nikalia kidogo, halafu nikapiga deki.

Aprili 12

Naandika taratibu nisiharakishe kitu.

Leo nimemwacha Kisiki kwa bibi yake nikaenda mtoni, baada ya siku zote hizo. Nilikwenda kwa ajili ya mkutano wa kesho kutwa tu, nihakikishe tena kwamba hakuna kitu, nisije nikasimama mbele ya watu na maneno ya wiki iliyopita. Mvua imetulia. Jua lilikuwa linashuka vipande vipande kati ya matete, na maji yameshaanza kuwa ya kioo.

Nikaingiza mkono. Jiwe la mkate lilikuwa na utelezi. Kidole gumba changu hakikutambua mahali pake, kiliteleza. Nikaligeuza.

Walikuwepo. Si kama zamani, lakini walikuwepo. Mkia-tatu hapa, mkia-tatu pale, wadogo, wageni, na kijumba kimoja kipya cha mchanga, bado chekundu chekundu, mwenyewe yumo ndani.

Kwanza nilifurahi kama mwehu. Halafu nikasimama na lile jiwe mkononi, likitiririsha maji kwenye kiwiko changu, na furaha ikaniishia miguuni. Shangazi hakuacha kufua. Najua, kwa sababu nepi zilikuja, na haziji zenyewe. Povu lilishuka siku zote zile kama kawaida. Aliyeacha kuja mtoni alikuwa mtu mmoja tu.

Nililirudisha jiwe, tumbo chini. Nikavuka kwenda ng'ambo, mahali nisipofikaga kwa sababu huko sauti ya mtoto haifiki. Povu hupita pia huko. Niligeuza jiwe moja, moja tu. Lilikuwa limejaa kama soko. Nikapanda mpaka karibu kabisa na jiwe pana la shangazi. Pale, chini kabisa ya anapomwagia maji ya sabuni, kweli pana minyoo myekundu na ruba, hakuna mwingine. Lakini nikishuka hatua chache tu, wenye mikia wanaanza, mpaka wanafika kwenye mawe yangu, wananikuta mimi nimeinama na beseni.

Niliyageuza asubuhi na jioni. Nilikuwa nalirudisha kila jiwe vizuri, kwa heshima yote, na kesho yake nalinyanyua tena. Nilizivunja nyumba zao kwa kuzipenda.

Nimekaa pale kwenye mzizi mpaka miguu ikafa ganzi. Mkutano ni kesho kutwa. Nikisema hili, Korongo ataona mwanafunzi wake ndiye aliyeharibu kipande alichopewa. Nisiposema, shangazi hana jiwe la kufulia.

Aprili 14

Darasa lilikuwa limejaa, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani. Mama Povu alikaa nyuma, karibu na dirisha. Korongo alisimama pembeni. Mwenyekiti alinitambulisha kwa maneno mengi, nikasimama na Kisiki kiunoni kwa sababu alikataa kushuka.

Nilikuwa nimeandika. Karatasi nikaiacha mfukoni.

Niliwaambia kuhusu wenye mikia mitatu na wajenzi wa mchanga, na wanapenda maji gani. Niliwaambia walikuwa wengi, wakapungua, nami nikaangalia juu ya kivuko. "Na mwenyekiti akaona nilikoangalia," nikasema. "Sikutamka, lakini nilisema. Sasa natamka. Kwenye mawe yangu hawakufukuzwa na sabuni. Niliwafukuza mimi. Niliyageuza mawe yale kila siku, wakati mwingine mara mbili. Mtoto alipougua sikwenda, na shangazi aliendelea kufua, nao wakarudi."

Mtu mmoja akauliza kutoka kwenye dawati, "Kwa hiyo wewe ndiye sabuni?"

Watu wakacheka, hata mimi. Mwenyekiti hakucheka.

"Kwa hiyo umetuita bure."

"Uliyeita ni wewe, mwenyekiti," mama mkwe akasema, na kicheko kikazidi.

Ningeweza kukaa hapo, na shangazi alikuwa tayari ameanza kuvuta kanga yake avae sura ya mshindi. Nikabaki nimesimama.

"Sijamaliza. Shangazi, pale unapomwagia maji yenyewe ya sabuni, chini yake pameungua. Si kwangu, ni hapo hapo kwako. Nimepaona. Kufua hakuna ubaya. Yale maji mazito ya kwanza usiyamwage mtoni. Yamwage kwenye nyasi juu, mbali, ardhi iyanywe. Ya kusuuzia endelea nayo."

"Niyapandishe kilima mimi, na mgongo huu?" akauliza.

"Tutakuchimbia shimo karibu. Mimi na baba Kisiki. Lakini mtoni, shangazi, hapana."

Tulitazamana. Kisiki akavuta sikio langu.

"Shimo liwe na kivuli," akasema mwishoni.

Mwenyekiti akauliza kama basi tuandike marufuku ya mawe. Watu walikuwa wameshaanza kujichomoa kwenye madawati.

Watu walipotawanyika Korongo alikuja. Nilimwambia najua nimeharibu kipande changu, na kama jina langu litaondolewa nitaelewa. Alimchukua Kisiki bila kuomba, akamkalisha kwenye mkono wake mrefu.

"Mwaka wangu wa kwanza," akasema, "nilimtazama mdiria kwenye tundu lake mpaka akaliacha na mayai ndani. Sijamwambia mtu yeyote wa mtaa wangu." Akamweka Kisiki vizuri. "Utaendelea. Ila beseni lirudi bafuni. Utalitoa siku moja kwa juma, basi."

Aprili 17

Shimo limekwisha. Baba Kisiki alichimba, mimi nilizoa udongo, mama mkwe alitoa maoni.

Baada ya hapo nilishuka chini ya kivuko nikakaa kwenye mzizi. Mvua zinaondoka, zinaaga polepole, tone hapa, tone pale. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba mawe yalionekana kama yanaelea. Mama Povu akaja na mikono mitupu. Sijawahi kumwona mikono mitupu. Akakaa pembeni yangu, akaingiza miguu majini, akayatazama yale mawe muda mrefu.

"Haya, nionyeshe hao mashahidi wako. Nimesemwa kwa ajili yao, hata sura zao sizijui."

"Jumamosi, shangazi."

"Kwa nini Jumamosi? Jiwe si hilo hapo, mkono si huo?"

"Leo wamepumzika."

Alinitazama, akayatazama maji. Nilidhani atanitania. Akanyoosha mgongo, taratibu, mfupa kwa mfupa, akaegemea mzizi kando yangu na kufumba macho.

"Na sisi je," akasema, "sisi tunageuzwa siku gani?"

"Si leo," nikamwambia.